Fundi Rangi Anayeangalia Chini

Fundi akifika kwenye nyumba ya zamani akaanza kwa kuangalia juu, kwenye dari na kenchi, mpe chai, mpe na kiazi, halafu mwambie utampigia simu. Usimpigie.

Naanza na hilo kwa sababu mjukuu wangu ameniambia vijana wa siku hizi hawasomi mpaka mwisho. Sawa. Anayetaka kuondoka aondoke, hilo litamsaidia. Mliobaki nawaeleza lilikotoka.

Jina langu Kolumba. Shule niliishia darasa la nne, nikajua kusoma, kuandika na kukwepa fimbo. Baada ya hapo nikapaka rangi maisha yangu yote. Nimepaka Songea mjini, nimepaka Namtumbo, nimefika hadi Tunduru na ndoo zangu juu ya basi. Nimepaka madarasa, zahanati, baa, nyumba za mapadri na nyumba za watu ambao mapadri hawapendi kuwataja. Nilipoanza, wanaume walinicheka, mwanamke na brashi. Wengi wao niliwapakia nyumba. Baadhi nimewapakia misalaba ya makaburi. Nayo niliinyoosha vizuri, sina kinyongo.

Lakini niwaambie jambo moja ambalo wale wanaume hawakulifikiria. Sisi wanawake tulikuwa tunaujua ukuta kabla brashi haijafika huku. Tangu tukiwa wasichana tulikuwa tunasiriba nyumba kwa viganja, udongo na mchanga na majani yaliyokatwakatwa. Kiganja kinajua palipo na shimo, palipo na unyevu, palipolegea. Hicho ndicho Mzee Xaveri, aliyenifundisha kazi, alichokiona kwangu. Nilikuwa nabeba maji kwenye ujenzi, akaniona naegemea ukuta kwa kiganja, akaniuliza, "Umesikia nini hapo?" Nikamwambia pamelegea. Akapagonga, lipu ikadondoka kama sahani. Kuanzia siku hiyo sikubeba maji tena.

Xaveri alikuwa anaonja ukuta. Msicheke. Alikuwa anasogeza uso, anatoa ulimi, analamba kidogo, anatema. Ukuta ukiwa na chumvi anasema, "Huu unakunywa kutoka chini." Wenye nyumba walikuwa wanamwangalia kama kichaa, na yeye aliwaacha wamwangalie. Alinifundisha hivi: nyumba za kwetu za zamani ni tofali la kuchoma, lakini limeungwa kwa tope. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji chini na kuyatoa usoni, kama mtu anavyotoa jasho. Chokaa ni shati la pamba, jasho linapita. Rangi ya mafuta ni koti la mvua. Vaa koti la mvua ukalime mpaka mchana, halafu livue ujinuse.

Sasa mimi. Goti langu la kulia lilikataa kazi, nikaacha kupaka. Hilo nilikubali. Ambalo sikulipenda ni kwamba nyumba yangu mwenyewe ilihitaji kupakwa, na mimi, Kolumba, nikalazimika kutafuta fundi rangi kama mtu mwingine yeyote.

Nyumba hiyo iko kijijini, upande wa Hanga. Aliijenga baba mkwe wangu. Tofali za kuchoma, tope, chokaa, bati likaja baadaye. Mume wangu amelala nyuma ya nyumba na shamba liko mbele, kwa hiyo nikiamka sina pa kwenda mbali.

Mwaka niliolazwa kwa ajili ya goti, binti yangu Gaudensia aliamua kunifurahisha. Gaudensia ana duka la vifaa vya ujenzi Mjimwema, pale Songea mjini, anauza saruji, misumari, mabati, rangi, kila kitu. Akaleta saruji na mwashi, wakapiga lipu ya saruji kuta zote, ndani na nje, kutoka chini mpaka kiunoni. Juu yake wakapaka rangi ya mafuta inayong'aa, nyeupe ya maziwa, na mstari mwekundu wa damu ya mzee. Nilipotoka hospitali nikakuta nyumba imependeza kama keki ya kipaimara. Majirani walisimama barabarani. Nilimshukuru, na nilimshukuru kweli.

Mvua za mwaka ule rangi ikaanza malengelenge. Ukilibonyeza moja linatoa maji. Mvua za mwaka uliofuata unyevu ukapanda juu ya saruji mpaka usawa wa kichwa changu nikiwa nimekaa kitandani, na mimi nikaanza kukohoa. Gaudensia alikuja, akanisikiliza nakohoa, akaangalia ukuta.

"Mama, nyumba imechoka."

"Nyumba haichoki. Inalowa."

"Inalowa kwa sababu imechoka. Njoo ukae kwangu. Chumba nimeshakuandalia, kina televisheni. Hapa tutavunja, hizi tofali zitatosha ukuta wa kuzunguka duka."

Nikamwambia, "Babu yako alichoma tofali hizi uzungushie misumari?"

"Mama, wewe unakohoa, mimi silali. Unataka nikuokote hapa?"

Huyo ni mwanangu, anaongea kama mimi, siwezi kulalamika. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia anipe kiangazi kimoja. Nitatafuta fundi. Mvua za kwanza zikiingia na unyevu ukapanda ukutani, aje na pikapu, nitafungasha kitanda mwenyewe na nyumba avunje.

"Umesema, Mama."

"Nimesema."

Kwa hiyo mjue kwamba sikuwa natafuta fundi wa kupendezesha nyumba. Nilikuwa natafuta fundi wa kunibakiza nyumbani kwangu.

Wa kwanza alikuja na bodaboda, kijana msafi, viatu havina hata tone. Fundi rangi mwenye viatu visafi ama ni hodari sana ama hajapaka. Akaingia, akaangalia juu.

"Bibi, hapa tunapiga silingibodi, tunalainisha kuta zote kwa skimu, halafu tunaweka taa zinazozunguka. Itakuwa kama hoteli."

Nikamwonyesha sola yangu ya balbu mbili. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, nionyeshe nyumba uliyoipaka ambayo imenyeshewa miaka mitatu." Akatoa simu akanionyesha picha za nyumba zilizopakwa wiki ile. Nikamwambia hizo bado hazijaanza kusema. Alikunywa chai, alikula na kiazi. Kijana mwenye adabu, sina neno juu yake.

Wa pili mtu mzima, amekwenda miji mingi, ananiambia miji yote. Naye akaangalia juu, akahesabu bati zenye kutu. Nikamwuliza kuhusu unyevu.

"Unyevu siyo tatizo, bibi. Tunapiga rangi ya mafuta mara mbili, maji hayapiti."

"Ni kweli hayapiti. Sasa yaliyomo ndani yatatokaje?"

Akafikiri. "Yatakaukia humo humo."

"Kama maiti kwenye jeneza."

Akacheka, mimi sikucheka, akamaliza chai.

Hapo ndipo mnapokosea nyie mnaojenga mjini mkirudi kukarabati nyumba za wazee. Mnamwuliza fundi rangi gani nzuri. Mwulize maji yanatoka wapi. Asiyejua maji yanatoka wapi atakuuzia rangi yoyote utakayoitaja.

Wa tatu sikumtafuta mimi. Mama mmoja anayeuza dagaa wa Nyasa kijijini kwetu aliniambia kuna Myao wa Tunduru anaitwa Saidi, mkulima wa korosho, kila kiangazi anakuja huku kupaka nyumba, korosho zikianza kudondoka anarudi kwake. Nikasema aje.

Alikuja kwa mguu. "Shikamoo, bibi." Nikaitikia. Nikamkaribisha ndani, akasema, "Naomba nianze na nje." Akaizunguka nyumba polepole, mikono nyuma, hakuangalia bati hata kidogo. Nyuma ya chumba changu akachuchumaa. Akakaa hapo muda mrefu, nikadhani ameshikwa na tumbo. Alikuwa anakwaruza chini ya ukuta kwa ukucha, ananusa kidole.

Akaja kwangu. "Bibi, nyumba hii siwezi kuipaka."

"Kwa nini?"

"Huu mkanda wa saruji kaweka nani?"

"Mwanangu."

"Anakupenda."

"Ananipenda."

"Ndiyo maana ameuweka mnene hivi." Akajifuta kidole kwenye suruali. "Saruji imefunga maji ndani. Hayana pa kutokea, yanapanda. Mpaka itoke yote. Halafu ukuta ukae uchi, ukauke. Ndiyo tuzungumze kupaka, inshallah. Kama unataka ipakwe leo, wallahi tafuta mwingine, mimi nitakuwa nakudanganya."

Mtaniuliza, je, wewe Kolumba hukulijua hilo? Nililijua tangu siku nilipotoka hospitali. Lakini mtu hawezi kuamka asubuhi akachukua nyundo akavunja zawadi ya mwanawe. Anahitaji mtu wa kutoka Tunduru.

Nikamwambia aanze.

Alianza na tindo, vipande vikawa vinaanguka vikubwa kama mlango wa banda la kuku. Habari ilifika Mjimwema kabla ya jioni, kijijini kwetu simu wanazo hata wasio na sabuni. Siku iliyofuata Gaudensia akafika, hajanywa hata chai.

"Mama, mmevunja lipu yangu?"

"Tunavunja. Bado upande wa jikoni."

"Nilitoa saruji bora dukani kwangu. Nilisimama hapa na mwashi juani."

Saidi, aliyekuwa kwenye kona na nyundo yake, akasema, "Karibu, dada."

"Usinikaribishe kwetu."

"Samahani, dada. Basi nikaribishe mimi."

Gaudensia akageuka amwone vizuri. Saidi akaokota kipande cha lipu kilichoanguka muda ule, akakigeuza, akampa mkononi. Mbele kilikuwa kikavu, kinang'aa, bado kizuri. Nyuma kilikuwa kinadondosha maji, na tope la babu yake limeng'ang'ania hapo, laini kama ugali wa jana uliomwagiwa mchuzi. Gaudensia akatia kidole, kikazama.

Akakiweka chini taratibu, hakukitupa. 

"Mvua zikiingia nakuja na pikapu," akaniambia.

"Tulishakubaliana."

Akaondoka. Saidi akasema, "Mwanao mkali." Nikamwambia gonga kona hiyo, bado.

Ukuta ulikaa uchi kipupwe chote. Nyie mnaijua baridi ya Songea mwezi wa sita na wa saba, upepo unakuingia masikioni unatokea vidoleni. Nilikuwa navaa makoti mawili ndani ya nyumba. Wapita njia walikuwa wanauliza, "Bi Kolumba, nyumba mnabomoa?" Nikawajibu inapumua. Wakaenda zao wakisema bibi ameanza kuchanganyikiwa. Saidi alikwenda kupaka kwa watu wengine, kila akipita anaweka mkono ukutani, anatikisa kichwa, anaendelea na safari. Fundi wa nyumba ya zamani lazima awe mtu wa kusubiri. Anayekuambia ataanza kesho na kumaliza kesho kutwa, ana haraka ya kuondoka kabla nyumba haijasema.

Katikati ya kusubiri alichimba mchirizi kuzunguka nyumba ili maji ya bati yasirudi kwenye msingi, na akaloweka chokaa kwenye shimo. Ukuta ulipokauka, ile sehemu iliyovuliwa ilihitaji kusiribwa upya kwa udongo. Nikamwita yule mama wa dagaa, tukaingia kazini na viganja vyetu, mimi nimekaa kwenye kigoda kwa ajili ya goti. Saidi akasimama akituangalia. Naweka kiganja, navuta, nageuza, naweka.

Akasema, "Bibi, kazi hii mimi siiwezi."

Nikajifanya sikusikia ili arudie. Akarudia.

Tukaja kugombana kwenye chokaa. Huku kwetu tunatia chumvi na uji mwembamba wa muhogo, ishike vizuri isichafue nguo ya anayeegemea. Saidi uji hataki.

"Sisimizi watakula ukuta, bibi."

"Nimepaka uji maisha yangu yote."

"Na sisimizi walikuwa wanakula maisha yako yote, ila ulikuwa umeshaondoka."

Kijana ana mdomo. Chumvi alikubali, lakini kidogo, na hapo nilimpa haki yake, kwa sababu naijua chumvi. Zamani tulipaka madarasa na Xaveri, mwenzetu mmoja akazidisha chumvi akidhani ndiyo kuimarisha. Baada ya muda ukuta ukawa umechubuka kutoka chini mpaka usawa wa magoti, pande zote. Mwalimu mkuu akawapanga wanafunzi mstari, anauliza nani anachubua ukuta wa serikali. Mbuzi walikuwa wamesimama nyuma yake, wanasubiri amalize waendelee kulamba.

Basi tukagawana. Mbele ya nyumba chokaa yangu yenye uji, nyuma yake isiyo na uji. Sisimizi walikuja upande wangu. Hawakuwa wengi. Wakaondoka. Saidi alichukua ufagio tu akafagia hapo chini kwa madaha.

Jinsi ya kupaka chokaa, shikeni hivi. Loweka ukuta kwanza, ukuta mkavu unanyonya chokaa unabaki na unga. Iwe nyepesi kama maziwa, isiwe mtindi. Mpako wa kwanza utaonekana kama hujapaka kitu, watu watakucheka, waache. Inakuja kuwa nyeupe ikikauka. Rudia mara kadhaa, nyembamba nyembamba. Ukipaka nene mara moja itapasuka kama kisigino cha mkulima. Usipake jua likiwa kali. Halafu pitisha kiganja. Ikitoka unga kidogo ni sawa, hiyo ndiyo tabia yake, utapaka tena baada ya miaka. Wanaotaka rangi isiyopakwa tena wajenge kwa sahani.

Saidi alimaliza, akaosha brashi zake vizuri. Fundi asiyeosha brashi mbele yako, nyumba ya jirani ataipaka na rangi yako. Akaniaga. "Korosho zinaita, bibi. Mwombe Mungu mvua." Nikamwambia mimi naiogopa mvua. Akasema, "Iombe tu. Bila mvua hutajua."

Mvua ikaja. Ilikuja na upepo kutoka mashariki, bati likalia mpaka sikusikia redio. Ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha tena. Kila asubuhi nilikuwa naweka kiganja nyuma ya kitanda kabla ya kuvaa viatu. Sitawaambia nilikuwa natulia, sikutulia. Mtu anapima ukuta lakini anajipima yeye atalala wapi.

Gaudensia akafika na pikapu, dereva na kamba. Hakunisalimia vizuri, alipita moja kwa moja chumbani. Nikamfuata. Akavuta kitanda pembeni, hadi kwenye magunia ya mahindi niliyomwekea, akaweka kiganja ukutani, akakisogeza chini, chini zaidi. Halafu akachuchumaa. Nilimwona anachuchumaa.

"Hapa ni pakavu."

"Usiishie hapo. Njoo kwenye kona ya pipa."

Nilimpeleka mwenyewe. Pale karibu na pipa la maji palikuwa na unyevu, umepanda kiasi cha kiganja kimoja kutoka chini. Sikutaka aje auone baadaye aseme nilimficha.

"Huu ni unyevu, Mama."

"Ni unyevu. Mvua imepiga hapo tangu asubuhi. Kaa, kula, uangalie tena."

Akakaa. Nikasonga ugali, dagaa zilikuwepo. Sisi tulidonoadonoa, dereva alikula kwa ajili yetu sote. Jua lilitoka. Gaudensia akanyanyuka na mikono haijanawa vizuri, akaenda kwenye kona ya pipa. Nilibaki nimekaa, goti halinipi haraka. Akarudi.

"Umeshuka."

"Umeshuka kiasi gani?"

"Nusu yake." Akakaa kwenye mkeka karibu yangu. Alikuwa anachokonoa dagaa kwenye sahani tupu. "Tangu nimefika hujakohoa."

"Sijizuii ili kukuonyesha. Sikohoi."

Akasema, "Kile chumba nilichokuandalia Mjimwema."

"Chenye televisheni."

"Ukuta wake una malengelenge. Nilisogeza kabati usiuone."

Nikamwangalia. "Si wewe unauza rangi?"

"Nauza, Mama. Kuuza ni kitu kingine." Akachukua sahani zetu akazipanga. "Yule mtu wako akimaliza korosho, mwambie apite kwangu. Usimwambie ni mimi nimesema."

Dereva alikuwa ameshasimama mlangoni, kamba begani, anaangalia kitanda.

"Bosi, tunapakia hiki?"

"Rudisha ukutani," Gaudensia akamwambia. "Pakia mahindi."